Nani Analipa? Namna ya kupima riwaya ya kisayansi au ya fantasia kabla hujamwambia mwenzako aisome

"Kizuri sana, kitafute ukisome." Hayo ndiyo maoni yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila mtu amalizapo riwaya ya kisayansi au ya fantasia, na hayamsaidii yeyote. Riwaya ya mapenzi ya Kampala haimsumbui msomaji kuingia: barabara anazijua, taksi anazijua, mama mkwe anamjua. Riwaya ya sayari nyingine inamtaka ajifunze nchi mpya, majina mapya na masharti mapya kabla hajaanza kufaidi. Anachotaka kusikia kwako ni mambo mengine kabisa: nchi hiyo inaanza kueleweka ukurasa wa ngapi, ina masharti gani, na je, mwandishi anayaheshimu masharti yake mwenyewe mpaka mwisho?

Mimi kila kitabu cha aina hii nakipima kwa swali moja: maajabu haya yana bei gani, na nani analipa? Uchawi usio na bei unachosha kufikia sura ya tano, hata uwe na joka wangapi. Teknolojia isiyomuumiza mtu yeyote ni tangazo la biashara.

Swali hilo hapa kwetu Uganda tumelelewa nalo. Katika hadithi ya asili ya Waganda, Ggulu, bwana wa mbinguni, alipowaruhusu Kintu na mkewe Nambi, binti yake Ggulu, washuke duniani aliwapa sharti dogo: ondokeni mapema, na mkisahau kitu msirudi. Nambi akakumbuka ulezi wa kulisha kuku wake, akarudi, na kaka yake Walumbe akamfuata. Walumbe ndiye kifo. Baadaye ndugu yao Kayikuzi anatumwa kumkamata, na hapo linakuja sharti la pili, kwamba watu wanyamaze. Watoto wakapiga kelele, Walumbe akazama ardhini kule Ttanda. Hakuna msimulizi anayepoteza muda kueleza nyumba ya Ggulu imeezekwa kwa nini. Tunapewa sharti, tunaonyeshwa likivunjwa, tunaonyeshwa bei. Hadithi ya mkuki na ushanga waliyonayo Waacholi na Waaluri ina mifupa hiyohiyo: ndugu mmoja anadai mkuki wake uleule ambao nduguye alimrushia tembo na tembo akaondoka nao, hataki mwingine; siku ushanga unapomezwa na mtoto wake, mwenzake naye anadai ushanga uleule. Mtoto anapasuliwa tumbo, na ndugu wanaachana pale Pubungu, karibu na Pakwach. Ukiielewa hadithi hiyo, umeshaelewa jinsi fantasia nzuri inavyofanya kazi, iwe imeandikwa Gulu au London.

Kwa vitendo, fanya hivi. Kata karatasi, ikunje iwe alama ya kitabu, na juu yake andika maneno matatu: sharti, bei, mlipaji. Kwa kitabu cha kurasa 300 hadi 400, mstari wa sharti uwe umejaa ufikapo ukurasa wa 50. Bei iwe imeanza kuonekana kabla ya nusu. Mlipaji anaweza kungoja. Waandishi hodari humbadilisha karibu na mwisho, ukaona kumbe uliyemdhania analipa ndiye aliyekuwa anakopa. Kwa riwaya fupi ya kurasa 90 hivi, ukurasa wa 20 unatosha. Kwa dude la kurasa 500 na zaidi, lipe 80.

Sharti likiwa bado wazi ufikapo hapo, usikilaumu kitabu kwanza. Mara nyingi kosa ni la usomaji: mtu ameanza kitabu ndani ya taksi, kurasa nne leo, kurasa tatu kesho, na utangulizi ameuruka kwa kudhani ni shukrani. Kurasa za mwanzo za riwaya hizi ndizo zinazojenga nchi nzima, na hazikubali kukatwakatwa. Tenga muda wa kusoma 40 za kwanza kwa mkao mmoja au miwili. Baada ya hapo taksi haina neno. Rudi, soma tena 20 za kwanza taratibu. Mstari ukibaki wazi hata baada ya hapo, kiweke chini, huna deni na mwandishi.

Kitabu ninachokiona kimelijibu swali la bei kuliko vyote nilivyosoma karibuni ni The Fifth Season cha N. K. Jemisin, cha mwaka 2015. Ni cha kwanza katika mfululizo wa vitatu, na vyote vitatu vilipata tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi na fantasia, kwa miaka mitatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Bara lake halitulii: ardhi inatetemeka, milima inalipuka, na mara kwa mara majivu yanaleta baridi ya miezi au miaka, ambayo wao wanaiita msimu wa tano. Wapo watu waliozaliwa na uwezo wa kuituliza ardhi. Tazama sharti lake kwa karibu. Nguvu ya kuzuia tetemeko haitoki hewani bure. Mtu huyo anavuta joto kutoka vitu vilivyomzunguka. Pale aliposimama panatokea duara la barafu, na kilicho hai ndani ya duara hilo, awe mdudu, mbuzi au jirani, kinaganda na kufa. Kijiji kinaokolewa na mtu ambaye kijiji kina sababu ya kweli ya kumwogopa. Kwa sharti hilo moja unapata siasa yote ya kitabu: kwa nini watu hao wanawindwa, kwa nini wengine wanachukuliwa wangali watoto na kufundishwa kwa mateso, na kwa nini dola inayowadharau haiwezi kuishi siku moja bila wao. Mlipaji yuko wazi tangu mwanzo, na inauma.

Ugumu wake uko mahali pawili. Simulizi ni tatu zinazopishana, na moja inasemwa kwa "wewe", kana kwamba msomaji ndiye mama anayetembea kwenye majivu. Kurasa 30 za kwanza utaona kama macho yanateleza. Vumilia, usitafute maelezo, na mkimbie mtu yeyote atakayejitolea kukueleza kwa nini simulizi ni tatu, maana huyo anakuibia nusu ya kitabu. Pili, nyuma kuna viambatisho viwili, kimoja orodha ya misimu iliyopita, kingine msamiati. Usianze na msamiati. Maneno mengi yanaeleweka yenyewe ukikutana nayo mara ya tatu. Fungua nyuma kwa neno lile tu linalorudi ukurasa baada ya ukurasa na bado hulipati. Na mwambie mapema unayempa kitabu hiki kwamba kinafunguka na mtoto aliyeuawa na baba yake. Kuna mzazi aliyefiwa ambaye hapaswi kukutana na ukurasa huo bila kuonywa.

Upande wa sayansi ngumu, Project Hail Mary cha Andy Weir, 2021, ni mfano mzuri wa kitu ninachokiita uongo mmoja wa bure. Kila riwaya ya kisayansi inaruhusiwa jambo moja lisilowezekana bila kuulizwa. Hapa ni vijidudu vinavyokula nishati ya jua, jua likaanza kufifia. Kila kinachofuata lazima kitokane na hilo au na fizikia ya kawaida, na Weir anajitahidi sana: mwanafunzi wa fizikia wa S5, yaani kidato cha tano, anaweza kukaa na kikokotoo na kufuata hesabu. Ninachomlaumu ni watu wake. Mhusika mkuu, mwalimu wa sayansi aliyeamka peke yake ndani ya chombo akiwa hakumbuki hata jina lake, anatatua tatizo, anafurahi, anatatua lingine, na huzuni yake haikai zaidi ya kurasa mbili. Hesabu zimetimia, watu ni wepesi. Wanaopenda mafumbo watakimaliza kwa siku tatu.

Kipimo hicho cha uongo mmoja kinakusaidia kuvua makosa pia. Mawimbi ya redio yanachukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika Mirihi, kutegemea sayari hizo mbili zimekaribiana kiasi gani. Wahusika wakipigiana soga kutoka Mirihi hadi duniani bila kungoja, na kitabu hakijasema neno kuhusu hilo, mwandishi amechukua uongo wa pili kwa siri. Hata mambo ya nyumbani yatazame hivyo. Riwaya inayotokea Afrika Mashariki ikikuandikia jioni ndefu ya kiangazi yenye mwanga mpaka usiku, ujue mwandishi hajawahi kusimama Kayabwe, kwenye mstari wa ikweta, ambako mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima na giza linaingia upesi jua likizama. Mwezi mwandamo wetu nao hulala kama mtumbwi.

The Three-Body Problem cha Liu Cixin sitakaa nacho sana. Mawazo yake ni makubwa kupita yote niliyoyataja, wahusika ni wembamba, na majina ya Kichina yatakuchanganya ukisoma haraka. Anza na sura za Mapinduzi ya Utamaduni ya China na uzisome polepole, kwa sababu bei yote ya kitabu inalipwa kwa jeraha la mtu mmoja humo.

Sasa niseme kuhusu kitabu ambacho wengi wanakiacha njiani bila kosa lake. The Old Drift cha Namwali Serpell, cha 2019, kilipata tuzo ya Arthur C. Clarke, ya riwaya za kisayansi, mwaka 2020, na kwa sababu hiyo watu wanakinunua wakitarajia roketi. Ni kitabu kizito cha kurasa zaidi ya 500, kuhusu familia tatu za Zambia kwa vizazi vitatu, na mbu ndio wanaoingilia kati ya sura kama kwaya. Bwawa la Kariba limo. Edward Makuka Nkoloso yumo, yule mwalimu wa kweli aliyekuwa akiwafundisha vijana wa Zambia safari za mwezini mwaka 1964. Lakini teknolojia ya kesho, kile kifaa kinachopandikizwa mkononi, inaingia kwa nguvu katika theluthi ya mwisho. Asiyeambiwa hilo anafika ukurasa wa 150 akilalamika kwamba amedanganywa. Mwambie: soma theluthi ya kwanza kama historia ya familia, na weka alama kila mbu wanapozungumza, maana wanajua kitabu kinakwenda wapi kuliko wahusika.

Kwa msomaji wa Uganda, Kintu cha Jennifer Nansubuga Makumbi ndicho chenye faida kubwa kuliko vyote, japo wauzaji hawakiweki kwenye rafu ya fantasia. Kilitolewa na Kwani Trust ya Nairobi mwaka 2014. Kinafunguka Bwaise, mtaa wa Kampala, mwaka 2004, kwa mtu anayeuawa na kundi la watu, kisha kinarudi Buganda ya 1750, ambako Kintu Kidda, mtawala wa jimbo la Buddu, yuko safarini kwenda kumsalimu kabaka, yaani mfalme, mpya. Kofi moja kwa kijana aliyemlea kama mwanawe, kijana anakufa, na baba mzazi wa kijana anatamka laana. Hilo ndilo sharti. Bei inatembea miaka 250: wazimu, vifo vya ghafla, kujiua. Na tazama ustadi wake: kila mlipaji wa leo anayo maelezo mengine ya msiba wake, ya hospitali, ya kanisa, ya vita. Kitabu hakikulazimishi uchague. Laana inafanya kazi hata kwa asiyeiamini, na bado kila tukio lingeweza kuelezwa bila laana. Kukaa kwenye ukingo huo kwa mamia ya kurasa bila kuteleza ni kazi ya fundi.

Kinachowakwamisha watu ni majina. Kabla hujafika sehemu ya pili chukua karatasi nzima ya daftari, ilaze upana, na gawa safu sita, moja kwa kila sehemu ya kitabu. Safu ya kwanza ni ya watu wa 1750. Nyingine ni za wazao. Andika jina, makao, na kitu kimoja kinachomtesa mtu huyo. Tenga nafasi pembeni kwa pacha. Wewe unajua tayari kwamba Babirye ni mkubwa na Nakato mdogo, na kwamba Wasswa amemtangulia Kato. Msomaji wa Marekani anahangaika kwa jambo ambalo wewe unalipata bure kwenye jina tu. Usimalize faida hiyo kwa kusoma mbio.

Ukitaka vipande vidogo kutoka hapahapa, Dilman Dila, mzaliwa wa Tororo, ana mikusanyo miwili ya hadithi fupi: A Killing in the Sun, 2014, na Where Rivers Go to Die, 2023. Mizimu na mitambo wanakaa nyumba moja humo bila kuombana radhi. Mkusanyo usiusome mfululizo kama riwaya. Hadithi moja kwa mkao mmoja, ukaifunge. Ukisoma nne kwa usiku mmoja, masharti ya nchi nne yanachanganyika na zote zinafifia.

Kwa Kiswahili, anza na Kusadikika cha Shaaban Robert, 1951. Ni kidogo, unakimaliza kwa siku. Nchi inaelea angani, lakini maajabu yenyewe ni mahakama: Karama anashtakiwa, na kwa kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kuitafutia nchi manufaa, wakarudi wakatupwa gerezani. Ukiandika "mlipaji" kwenye karatasi yako utajaza jina moja mara sita: aliyeleta habari. Walenisi cha Katama Mkangi, 1995, kinakwenda mbali zaidi. Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anafungiwa ndani ya chombo cha angani, anajifunza kukiendesha, anatua kwenye nchi ambayo jina lake ukilikata linasema wale ni sisi. Safari ni tamu. Akishafika, wenyeji wanaeleza mno na bei inatoweka, na hapo ndipo kasi inapoanguka. Nagona cha Euphrase Kezilahabi, 1990, kiache mpaka uwe umesoma vinne au vitano. Ni chembamba lakini hakina njia iliyonyooka, na anayeanza nacho huamini kwamba fantasia ya Kiswahili haieleweki. Rafu za Kiswahili madukani mwetu bado zimejaa vitabu vya shule, kwa hiyo ukiwa na ndugu anayekwenda Nairobi au Dar es Salaam, mpe orodha iliyoandikwa jina la kitabu pamoja na la mwandishi. Akienda na jina peke yake ataletewa mwongozo wa mtihani.

Ukinunua kwa wauza vitabu vya mitumba, fungua kwanza ukurasa ulio mkabala na ule wa jina. Hapo huwa pana orodha ya vitabu vya mfululizo. Vitabu vya pili vinajaa mitaani bila vya kwanza, na kitabu cha pili cha fantasia hakisomeki peke yake. Kisha pindua haraka ukitazama namba za kurasa. Vitabu hufungwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16 au 32, hivyo kasoro ya kiwandani haichukui ukurasa mmoja, inachukua fungu zima: baada ya 96 unakuta 129. Angalia ramani ya mbele kama haijachanwa, na kurasa tatu za mwisho zipo. Kwenye simu, pendelea faili ya EPUB. Herufi zinajipanga kwa upana wa kioo chako, na riwaya isiyo na picha kwa kawaida haizidi megabaiti moja au mbili. PDF iliyopigwa skani itakufanya usukume ukurasa kushoto na kulia mpaka uchukie kusoma.

Halafu sasa maoni yenyewe. Usisimulie kilichotokea baada ya robo ya kwanza. Taja idadi ya kurasa, kama Kiingereza chake ni chepesi au kigumu, kama ni kitabu cha ngapi, na kama kuna ukatili wa kuonywa. Tenganisha "sikukipenda" na "kimevunja sharti lake". La kwanza ni lako, la pili lazima uonyeshe ukurasa. Mzazi akikuuliza kama kitabu chenye uchawi kitamharibu mwanawe, usimcheke. Mpe asome sura mbili za kwanza mwenyewe, na umwambie sharti na bei. Wazazi wengi wakiona kwamba uchawi humo unalipiwa, wasiwasi wao unapungua, kwa sababu ndivyo walivyosimuliwa hata wao.

Ujumbe wa simu hauhitaji kuwa mrefu. Huu unatosha:

"Binti, Nnedi Okorafor, 2015. Riwaya fupi, kama kurasa 90, Kiingereza chepesi, cha kwanza kati ya vitatu. Ukikuta toleo lenye vyote pamoja chukua hilo. Msichana wa Kihimba (watu wa Namibia) anatoroka kwao usiku kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine, wa kwanza katika watu wake, akiwa amejipaka otjize, udongo mwekundu wa nyumbani. Kuna mauaji mengi ghafla, mapema, jiandae. Bei: kila hatua ya elimu inamtenga na kwao, na udongo ule una kazi kubwa kuliko unavyodhani. Udhaifu: amani ya mwisho imekuja haraka mno kwa damu iliyomwagika, ilihitaji kurasa 30 zaidi. Nakala ninayo, nani anaanza? Wiki moja kila mtu."